Daraja la Kadibodi

Leteni gundi na rangi,
nyuzi, pini na vigingi,
na kete, japo si nyingi,
nianze vita mezani.

Jumatano ifikapo,
Lamego mvua ipo,
mlango nafunga papo,
viatu vikae chini.

Mimi Belmiro ni fundi
wa soli, sindano, gundi,
na siku hii siundi
kiatu cha mguuni.

Naunda jeshi la bati,
buluu yao makoti,
kila mtu nusu njiti,
wamejaa sandukuni.

Yupo mmoja wa ngoma,
mkono ulimhama,
nikaubandika nyuma
kwa gundi ya viatuni.

Hapa kwetu Mfaransa
jina lake ni mkasa,
jeshi watu hulisusa,
hunitupia usoni.

Bati halina taifa,
huyeyuka, siyo kufa,
nami sitafuti sifa
ila kushinda, jamani!

Adelino ni tarishi,
mstaafu wa ubishi,
huchukua lile jeshi
la Ureno, kwa imani.

Graciete ni mwalimu,
hesabu zake ni ngumu,
na ndiye wetu hakimu,
ana futi mkononi.

Vitabu chini ya shuka
ni vilima vyainuka,
mto utepe wa duka,
kadibodi darajani.

Kanuni zasema: nane
ndizo duru, tupambane,
nikishindwa tuagane,
atambe yeye mjini.

Duru ya kwanza ukungu
wa pamba ya mto wangu,
na mizinga yote yangu
ikakwama matopeni.

Kete ikasema moja,
nikarusha tena: moja,
Adelino akangoja,
akacheka kimoyoni.

"Posta," akanichokoza,
"mzigo uliooza
hurudishwa, nakujuza,
kwa mwenyewe, mlangoni."

Nikatuma na farasi,
wakatimka kwa kasi,
futi ikasema, "Basi!"
wamesimama njiani.

"Nusu inchi!" nikafoka.
Graciete hakucheka,
kalamu akaiweka.
"Soma," kasema, "kanuni."

Wakulima wenye mundu,
na padri, kanzu ya tundu,
skafu zao nyekundu,
wakaganda darajani.

Ya sita, ya saba, zote
wanishikilia kete,
kila hatua nipate
namwacha mtu majini.

Mzinga ukanguruma,
sita, sita, sikukoma,
Graciete akasoma
vifo kama wa sokoni.

Ya nane ilipoanza
mpiga ngoma wa kwanza,
mkono gundi yatunza,
naye kafika ng'amboni.

"Nimeshinda!" nikaruka,
kahawa ikamwagika,
mkono wa kunishika
haukuwapo chumbani.

Adelino kanyamaza,
kofia akageuza,
kisha akanieleza
kwa sauti ya jirani:

"Bibi wa bibi wa mama
siku ile alihama,
kuku mmoja mzima
na mtoto mgongoni.

Aliporudi, kanisa
ni jivu. Na hadi sasa
watu kwetu wakikosa
kitu chochote nyumbani,

hunena: 'Ni wale wale
wamekichukua kile.'
Soksi, kijiko, kengele,
vyote viko Parisini!"

Hapo ndipo akacheka,
mwalimu naye kadaka,
mikono ikashikika,
mvua i dirishani.

Tukarudisha majeshi,
pamba, ule wetu moshi,
vitabu, bila ubishi,
vikarejea rafuni.

Nikahesabu vijana:
mmoja wao hapana.
Ni wa ngoma. Nikaguna,
nikazama uvunguni.

Kesho yake kaja mama
Otília, mtu mwema,
achukue buti nzima
nilizoshona zamani.

Akavaa, akaruka.
"Jiwe!" asema kwa shaka,
kabinua. Akatoka
mtu wa ngoma, butini.

Akamtazama koti
kitambo, bila sauti,
akamwambia wa bati:
"Soksi warudisha lini?"